Simu, laini na hedifoni za muuzaji anayewapigia wasiomjua

Mtu unayempigia yuko dukani Kariakoo, mteja amesimama mbele yake, na simu inaita kwa namba asiyoijua. Namba za namna hiyo zimeshamletea tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", zikamletea na yule anayejidai mfanyakazi wa mtandao anayetaka namba ya siri. Akipokea anatega sikio sekunde nne au tano, basi. Sauti ikikwaruza, ikichelewa au ikija na kelele nyuma yake, anakata. Na kama hakupokea, akaipigia namba yako jioni akaambiwa haipatikani, ameshakuweka fungu moja na wale matapeli.

Kwa hiyo vifaa vya muuzaji anayefanya kazi peke yake, awe wakala wa bima, muuza viwanja, fundi wa sola au mhasibu wa kujitegemea, vipimwe kwa mambo mawili: sauti isikike safi tangu "haloo" ya kwanza, na namba iwe ya kudumu, yenye jina lako, inayopatikana ikipigiwa. Fedha imalize mambo hayo kwanza. Simu ya bei kubwa na mifumo ya kupiga kwa kompyuta vinaweza kusubiri, na wengi hawatavihitaji kabisa.

Hesabu ya dakika kabla ya kununua chochote

Chukua mfano wa siku yenye simu 80. Tuseme 50 hazipokelewi au hazipatikani. Waliopokea ni 30: 20 wanamaliza ndani ya dakika moja, 10 wanazungumza dakika tano. Hizo ni dakika 70. Ongeza simu 10 za kuwafuatilia watu wa wiki iliyopita, kila moja dakika nne, unafika 110 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni dakika 2,420 kwa mwezi. Zile 50 zisizopokelewa hazikati salio, lakini kila moja ikiita nusu dakika zimekula dakika 25 za muda wako na chaji ya simu.

Namba zako zitakuwa tofauti. Fanya kazi wiki moja kwa laini uliyonayo na uandike kila jioni, kutoka kwenye kumbukumbu za simu, jumla ya dakika ulizozungumza. Ukishapata wastani ndipo ulinganishe mabando, kwa maswali haya: dakika ni za mitandao yote au za mtandao mmoja? Bando la siku linakwisha baada ya saa 24 au saa sita usiku? Linakatwa kwa sekunde au kwa dakika nzima? Na likiisha katikati ya mazungumzo, simu inakatika au inaanza kula salio la kawaida?

Swali la tatu linadharauliwa kuliko yote. Ukikatwa kwa dakika nzima, simu ya sekunde 65 ni dakika mbili, na kwa kazi hii, ambayo simu nyingi ni fupi, unaweza kupoteza karibu theluthi ya bando bila kulisikia.

Bando la mtandao mmoja ni mtego hata likiwa rahisi. Huwezi tena kuitazama 075 ukaapa kwamba ni Vodacom, maana mteja anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake. Kenya iliruhusu hilo mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017. Nunua dakika za mitandao yote, na usiache salio kubwa kwenye laini ya kazi, kwa sababu bando likiisha bila wewe kujua salio hilo litaliwa kwa bei ya kawaida. Zikibaki dakika 20, ongeza bando kabla ya kupiga tena. Simu inayokatika katikati ya bei uliyokuwa unaitaja ni ngumu sana kuirudia.

Laini

Laini ya kazi isajiliwe kwa kitambulisho chako na alama zako za vidole, si ya mtu aliyekuuzia barabarani ikiwa tayari imesajiliwa. Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini ikipotea, atakayeirudisha ni mwenye jina, na baada ya mwaka mmoja wa kazi namba hiyo ina thamani kuliko simu iliyomo.

Jina lina kazi nyingine. Wateja wengi wakitilia shaka namba huianzishia muamala wa kutuma pesa, wanasoma jina linalotokea, kisha wanaghairi. Kenya huduma ya Hakikisha kwenye M-Pesa inafanya kazi iyo hiyo. Kwa hiyo sajili huduma ya pesa kwenye laini ya kazi hata kama hutapokelea malipo humo, na jitambulishe kwenye simu kwa jina lile lile litakalosomeka. Ukisema unaitwa Juma na simu inaandika Hamisi, mazungumzo yamekwisha.

Ingiza pia namba kwenye Truecaller, programu inayomwonyesha mtu jina la namba asiyoijua, kwa jina lako na jina la biashara kabla watu hawajakupa jina wao wenyewe. Watu kadhaa wakiiripoti, wengine wataiona imewekwa rangi nyekundu kabla hata ya kupokea. Kinachoifikisha namba huko mara nyingi ni kumpigia mtu mmoja mara nne kwa asubuhi moja. Mara mbili kwa siku ndiyo mwisho, moja asubuhi na moja alasiri, na asipopokea siku mbili mwache wiki nzima. Usifiche namba kwa #31#. Usibadilishe laini kila mwezi ukidhani unakimbia sifa mbaya: unaikimbia na ile nzuri, maana anayerudisha simu ya wiki tatu nyuma hatakupata tena. Tena Tanzania anayekudhania tapeli anaweza kuiripoti namba yako kupitia 15040, kwa hiyo usimpe sababu.

Sasa suala la laini mbili ndani ya simu moja. Simu nyingi zenye nafasi mbili haziwezi kushika mazungumzo kwenye laini moja huku zikipokea kwenye nyingine. Ukiwa unazungumza kwenye laini A, anayepiga laini B anaambiwa haipatikani. Mtu anayepiga simu saa nne kwa siku ana laini ya pili iliyokufa kwa muda mrefu bila kujua. Dawa ni kuihamisha simu. Kwenye laini B piga **62*, kisha namba ya laini A, kisha #, halafu bonyeza kitufe cha kupiga. Hiyo huhamisha simu pale laini B isipopatikana. Kisha laini A iwashie simu ya kusubiri kwa *43#, ili anayehamishwa asikute njia imejaa. Kuangalia kama imekubali, piga *#62#. Kufuta uhamisho wote, ##002#. Kumbuka kwamba simu iliyohamishwa hulipiwa na mwenye laini iliyohamisha, kwa hiyo laini B iwe na dakika zake.

Wanaoona hayo ni usumbufu wabebe simu mbili. Kitochi, ambacho Kenya huitwa mulika mwizi, kikiwekewa laini ya kupokelea tu, hukaa na chaji siku kadhaa na sauti yake mara nyingi ni nzuri.

Mtandao upimwe pale unapokaa

Sifa za mtandao mjini hazikusaidii kitu kama meza yako iko chumba cha ndani cha nyumba ya bati. Kwenye Android fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya simu, halafu hali ya laini, usome nguvu ya mawimbi. Kwa 4G namba kama -85 hadi -95 ni nzuri; ikifika -110 tarajia maneno kumezwa. Kupiga *#*#4636#*#* hufungua ukurasa wa vipimo kwenye simu nyingi. Sogea kuelekea dirishani, pima tena. Mita mbili zinaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha simu.

Kisha uliza kama mtandao wako una VoLTE, yaani kupiga simu za kawaida kwa 4G yenyewe, na kama simu yako imeruhusiwa kuitumia. Bila VoLTE, kila unapopiga simu hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G, hapo sekunde kadhaa zinapotea kabla haijaanza kuita, na kama imeshuka hadi 2G intaneti husimama mpaka ukate. Ukiwa na VoLTE simu inaita upesi, na mwenzako naye akiwa nayo kwenye mtandao ule ule, sauti huwa pana na ya karibu zaidi. Simu zilizoletwa kutoka Dubai au Ulaya zinaweza kuandika VoLTE kwenye boksi na bado zisiipate hapa, kwa sababu hazina mipangilio ya mtandao wa hapa. Jaribu kabla ya kulipa: weka laini, piga namba yoyote, tazama juu ya kioo. Alama ya 4G ikibaki wakati unazungumza, VoLTE inafanya kazi. Ikigeuka 3G, H au E, haipo.

Nunua laini za mitandao miwili na upige simu 10 kwa kila mmoja, tano kati yake saa nne asubuhi na tano saa kumi na moja jioni mitandao inapojaa. Hesabu ngapi zilikatika, na ngapi mtu alisema "sikusikii". Ulioshinda ndio wa kazi, wa pili unabaki wa akiba.

Simu yenyewe

Huhitaji kamera. Unahitaji betri ya mAh 5,000 au zaidi, VoLTE inayofanya kazi, tundu la hedifoni la mm 3.5, na skrini ya kuandikia kumbukumbu bila kubana macho. Simu nyingi za bei ya kati za Tecno, Infinix, Samsung na Xiaomi zinatosha. Iliyokwisha kutumika au ya bei ya kutupa, bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya. Jibu likitaja aina tofauti na simu uliyoshika, irudishe. Simu bandia huwa na antena mbovu na maiki mbovu, na hayo ndiyo mambo mawili unayoyanunua.

Wengi huulizia kurekodi. Tangu Mei 2022 Google ilifunga njia iliyotumiwa na programu nyingi za kurekodi simu kwenye Android, kwa hiyo programu unayopakua leo ikidai inarekodi, mara nyingi itashika sauti yako tu. Kinachofanya kazi ni kirekodi kilichokuja na simu yenyewe kutoka kiwandani, na baadhi ya simu humtangazia mwenzako kwamba anarekodiwa. Kwa mtu usiyemjua, tangazo hilo sekunde ya kwanza linafukuza. Andika mstari mmoja baada ya kila simu. Ukihitaji kurekodi makubaliano, mwambie kwanza, akubali, ndipo urekodi.

Hedifoni, hapa usibane pesa

Kushika simu sikioni kwa saa nne kunachosha shingo, na mkono mmoja unakosa kuandika. Spika ya simu usiifikirie: mteja anasikia chumba kizima, na anajua umemweka kwenye spika.

Kosa la kwanza dukani ni kuchanganya vitu viwili. Kuna hedifoni zinazozuia kelele zisifike masikioni mwako, na kuna maiki inayochuja kelele zisifike kwa mteja. Boksi likiandika ANC, linakuahidi la kwanza. Unaweza kulipa pesa nyingi, ukakaa katika kimya chako kizuri, huku mteja akisikia bodaboda, jogoo na muuza maji. Unachotafuta ni maiki iliyo kwenye mkono mdogo unaofika karibu na mdomo. Mkono huo ndio unaofanya kazi, kwa sababu maiki iliyo sentimita tatu kutoka mdomoni inapata sauti yako kwa nguvu kuliko kelele yoyote ya chumbani. Maiki inayoning'inia kwenye waya kifuani inasugua shati, na kile kisauti cha kukwaruza ndicho mteja anachokiita "mtandao mbaya".

Maiki ya mkono iweke vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, si mbele yake. Ikiwa mbele, kila "p" na "b" inapiga kishindo na pumzi zako zinasikika kama upepo. Sponji ndogo iliyokuja nayo usiitupe.

Waya au Bluetooth? Kwa anayekaa mezani, waya. Sababu moja inatosha: hedifoni nyingi za Bluetooth hufungua njia ya sauti pale tu simu inapounganishwa, na kufungua huko kunaweza kuchukua hadi sekunde moja. Mteja anasema "haloo", wewe hujasikia, unanyamaza, anasema tena "haloo?", na ameshaingiwa shaka. Kama ni lazima utembee, chagua yenye mkono wa maiki, si vile vidude viwili vya sikioni, na hakikisha inatumia sauti pana kwenye simu. Ya zamani hubana sauti mpaka ifanane na ya redio ya mawasiliano. Zima pia muunganisho wake na kompyuta, la sivyo siku moja sauti ya mteja itaenda kwenye kifaa ambacho hukivai.

Kwa waya, tazama pini. Mistari mitatu myeusi inamaanisha ina maiki. Miwili ni ya kusikilizia muziki tu. Simu isiyo na tundu la mm 3.5 inahitaji adapta ya USB-C, na adapta za bei ndogo nyingi hazina chipu ya kubadilisha sauti ndani yake. Ukichomeka, muziki au mazungumzo yanabaki kwenye simu. Hedifoni za USB kama Logitech H390 au Jabra Evolve 20 zimetengenezwa kwa kompyuta. Si kila simu huzipelekea sauti ya simu ya kawaida, kwa hiyo nenda dukani na simu yako, chomeka, piga namba halisi, zungumza. Muuzaji akikataa kukujaribisha, nenda duka la pili.

La sikio moja au mawili? Mawili ukiwa mahali penye kelele, moja ukiwa kwako. Kwa sikio moja unajisikia mwenyewe, na anayejisikia hapazi sauti. Aliyeziba masikio yote mawili na hedifoni zisizomrudishia sauti yake huanza kufoka bila kujua, na mteja anasikia ukali ambao haupo.

Jaribio la mwisho: mpigie rafiki aliye mtandao mwingine, mwombe arekodi upande wake, nawe usome bei na namba kwa dakika mbili huku feni ikizunguka. Sikiliza. Hayo ndiyo anayoyasikia mteja. Fanya tena bila feni, tena ukiwa karibu na dirisha, tena ukiwa na godoro au mapazia mazito mbele yako. Chumba cha sakafu ya vigae na kuta tupu huleta mwangwi ambao hedifoni ya bei yoyote haiondoi. Kitenge kilichotundikwa ukutani nyuma ya meza kinasaidia kuliko unavyodhani. Mvua ikipiga bati, acha kupiga na ufanye kazi ya kuandika.

Umeme

Pawabenki ya mAh 10,000 hutoa kama 6,000 tu baada ya upotevu, yaani inajaza simu moja mara moja na kidogo. Inatosha siku ya mgao. Usipige simu huku ukichaji kwa chaja ya bei ya kutupa: inaingiza mlio mwembamba kwenye hedifoni za waya, nao unamfikia mteja. Ukiisikia "ziii" ya mbali, chomoa chaja kwanza kabla ya kulaumu mtandao.

Kupiga kupitia intaneti

Huduma za simu za intaneti zina mvuto: unapiga kutoka kompyuta, kumbukumbu zinajiandika zenyewe. Kwa anayewapigia watu wa nchini, mara nyingi haina faida. Dakika za bando huwa rahisi, na namba ya kigeni ikitokea kwenye kioo cha mtu wa Mwanza au Kisumu haipokelewi. Ukitaka kuitumia, pata namba ya ndani kutoka kwa mtoa huduma mwenye leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Usinunue kile kisanduku cha laini nyingi kinachogeuza simu za intaneti kuwa za kawaida. Kutumia kisanduku hicho kupitisha simu za nje bila leseni kumewafikisha watu mahakamani Tanzania.

Mahitaji yake si makubwa. Sauti ya kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hutumia karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kama MB 80 kwa saa ya mazungumzo, G.729 hutumia karibu MB 28. Kinachoua simu si kasi, ni kutotulia. Data zikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda, mnaanza kukatizana maneno. Zikipotea zaidi ya asilimia 1, silabi zinaanza kukatika. Kwa hiyo usipige kwa Wi-Fi ya ukuta wa pili. Vuta waya kutoka kwenye rauta, na mtu mwingine nyumbani asipakue filamu saa hizo. Rauta nayo itafutiwe betri ndogo ya akiba yenye volti sawa na chaja yake, mara nyingi 12.

Kuna dalili mbili za kuzikariri. Simu ikikatika kila mara karibu na sekunde 32, au ukisikika wewe lakini humsikii mwenzako, tatizo liko kwenye rauta na si kwenye mtandao. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uzime kitu kinachoitwa SIP ALG. Isiposaidia, au ukiwa unatumia intaneti ya laini ya simu, mwambie mtoa huduma wako akuwekee muunganisho wa TLS au TCP badala ya UDP.

Kwa wanaowauzia watu wa Marekani au Uingereza kutoka Nairobi au Dar es Salaam, intaneti ndiyo njia, lakini mzigo wa sheria unabadilika. Marekani ina orodha ya wasiotaka kupigiwa, muda unaoruhusiwa kuwapigia watu majumbani ni saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku za kule aliko mteja, na tangu 30 Juni 2021 kampuni kubwa za simu za huko zinathibitisha asili ya namba, hivyo namba isiyothibitishwa inaweza kuonekana kama ya ulaghai. Uingereza ina orodha yake, TPS. Mtoa huduma asiyeweza kukueleza namba yako inathibitishwaje, mwache.

Orodha, na mashine za kupiga zenyewe

Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha kwa mwaka wa kwanza: jina, namba ikianza na +255 au +254, ulikoipata namba hiyo, tarehe na saa ya simu ya mwisho, matokeo kwa neno moja, tarehe ya kurudi. Safu ya "ulikoipata" usiiruke, kwa sababu mteja atauliza "namba yangu umeitoa wapi?" na jibu la haraka na la kweli huokoa mazungumzo mengi. Programu ya Phone Link ya Windows inakuruhusu kubonyeza namba kwenye kompyuta na simu yako ya Android ikapiga, kwa laini yako na bando lako.

Mfumo unaopiga namba kadhaa kwa mpigo na kukupa wa kwanza kupokea haukufai. Umetengenezwa kwa vyumba vyenye wapigaji wengi. Ukiwa mmoja, wawili wakipokea pamoja, mmoja anakutana na ukimya, na ukimya huo ndio unaomfanya aripoti namba yako. Kama unataka kasi, tumia unaopiga namba moja baada ya nyingine na kukuonyesha kumbukumbu zake kabla ya kuita.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa kwenye Tume yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2019. Huko biashara ndogo nyingi zimesamehewa kusajiliwa, lakini msamaha haumgusi ambaye kazi yake kuu ni kutangazia watu moja kwa moja, wala anayetoa huduma za kifedha. Kwa matendo ya kila siku maana yake ni hii: mtu akisema "usinipigie tena", weka alama kwenye jedwali papo hapo na usimpigie tena, hata kwa laini nyingine. Usinunue orodha ya namba kutoka kwa mtu asiyeweza kusema ilikotoka.

Mteja akisema "sikusikii"

Fuata mfululizo huu. Kwanza sukuma pini ya hedifoni mpaka mwisho, maana pini iliyotoka milimita moja hukata maiki huku masikio yakiendelea kusikia. Kisha sogeza maiki, tazama kama shavu au ndevu zinaigusa. Halafu chomoa hedifoni uzungumze kwa simu yenyewe. Sauti ikirudi, kosa ni la hedifoni au tundu, na tundu la simu iliyokaa mfukoni mara nyingi limejaa vumbi la nguo: litoe kwa kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa. Sauti isiporudi, soma nguvu ya mawimbi, sogea dirishani, na ukikuta ni -110 au mbaya zaidi, kata kwa adabu umpigie kwa laini ya akiba, ukianza kwa kumwambia ni yule yule. Mteja akilalamika kwamba anajisikia mwenyewe, usiguse maiki: punguza sauti ya hedifoni zako, kwa sababu sauti yake inavuja masikioni mwako na kurudi kwake kupitia maiki. Na kama wateja watatu mfululizo wa mitandao tofauti wamelalamika jambo lile lile, acha kupiga mpaka umpigie yule rafiki wa kurekodi na kusikia mwenyewe kinachotoka.